Riwaya za Kihistoria na za Kifasihi kwa Bei ya Punguzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa msomaji anayetaka vitabu pepe vya aina mbili: riwaya zinazosimulia zama zilizopita, na riwaya nzito za kifasihi ambazo lugha na wahusika ndio uti wake. Aina hizi mbili zina tabia zake sokoni. Anayezijua hulipa sehemu ndogo ya bei, na vitabu vingine havilipii kabisa.

Kwa nini riwaya iliyouzwa dola 14 jana inauzwa dola 2 leo?

Kuna mtu ameishusha bei makusudi, na sababu yake karibu kila mara inajulikana.

Wachapishaji wakubwa (Penguin Random House, HarperCollins, Simon & Schuster, Hachette, Macmillan) hupanga wenyewe bei ya vitabu pepe vyao. Duka haliipangi. Riwaya mpya ikiwa bado inauzwa kwa jalada gumu, kitabu pepe chake katika maduka ya Marekani huwa kati ya dola 13 na 15. Jalada laini likitoka, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja hivi, bei ya kitabu pepe nayo hulegea. Baada ya hapo huanza mapunguzo ya muda mfupi, siku moja hadi mwezi, na bei hushuka mpaka dola 1.99 au 2.99. Huenda mwandishi ana kitabu kipya njiani na mchapishaji anataka wasomaji wamfahamu kupitia kile cha zamani. Huenda riwaya imetengenezewa filamu au tamthilia ya televisheni, au jina la mwandishi limeingia kwenye orodha ya tuzo. Ikiwa ni mfululizo, juzuu ya kwanza huuzwa kwa bei ya kutupa ili uzinunue zinazofuata kwa bei kamili. Riwaya za kihistoria zimejaa mifululizo, kwa hiyo hili utaliona mara nyingi.

Waandishi wanaojichapishia wana hesabu nyingine. Amazon humlipa mwandishi asilimia 70 ya bei ikiwa kitabu kinauzwa kati ya dola 2.99 na 9.99. Nje ya hapo humlipa asilimia 35. Akiuza kwa senti 99 anapata kama senti 35 tu, kwa hiyo bei hiyo haidumu: ni chambo cha siku chache. Ukiiona na kitabu unakitaka, usisubiri ishuke zaidi.

Ni nyakati gani za mwaka inafaa kuangalia?

Fuata kalenda ya tuzo. Booker Prize hutoa orodha ndefu ya vitabu vilivyoteuliwa karibu na mwisho wa Julai, orodha fupi ya vilivyobaki Septemba, na mshindi Oktoba au Novemba. Women's Prize for Fiction huanza na orodha ndefu Machi na kumtangaza mshindi Juni. Pulitzer hutangazwa Aprili au Mei, na Nobel ya fasihi Oktoba. Kwa riwaya za kihistoria, orodha yenye manufaa kuliko zote ni ya Walter Scott Prize, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Sharti lake ni kwamba sehemu kubwa ya kisa iwe imetokea miaka 60 au zaidi kabla ya kitabu kuandikwa. Mshindi hutangazwa katikati ya mwaka.

Watu wengi hukosea hapa: hukimbilia kitabu kilichoshinda wiki hiyo, wakati huo ndio ambao mchapishaji hana haja ya kukipunguzia bei. Tazama vitabu vya awali vya mwandishi huyo, na orodha fupi za miaka mitatu au minne iliyopita. Vitabu hivyo vimeshapita kipindi cha jalada gumu na sifa yake ipo palepale. Ziweke orodha hizo kando kama daftari la kununulia.

Mbali na tuzo, kuna mapunguzo makubwa ya mwishoni mwa Novemba, na ya kipindi cha kuanzia Krismasi hadi wiki za kwanza za Januari, pale watu wengi wanapokuwa na vifaa vipya vya kusomea.

Nianzie wapi ikiwa sitaki kuzunguka madukani kila siku?

Jiandikishe kwenye huduma ya kutuma ofa kwa barua pepe. Inayojulikana zaidi ni BookBub, iliyoanza mwaka 2012. Ni bure kwa msomaji. Wanaolipa ni wachapishaji na waandishi wanaotangaza humo. Kitabu hakikubaliwi mpaka kiwe cha bure au kimepunguzwa angalau kwa nusu ya bei, tena kwa muda maalumu, na wahariri huchuja maombi kabla ya kuyapitisha. Kwa sababu hiyo mapunguzo ya uongo ni machache.

Katika kujiandikisha, mambo matatu yafanye vizuri. Kwanza, chagua duka unalonunulia kweli, maana ofa ya Kobo haimsaidii mtu wa Kindle, yaani anayenunua na kusomea kwenye duka na kifaa cha Amazon. Pili, usichague kundi moja tu la vitabu. Kila tangazo huwekwa kwenye kundi linalotarajiwa kuuza zaidi, na riwaya nzito inayosimulia vita vya zamani inaweza kuwekwa kwa riwaya za kihistoria, za kifasihi, au hata za upelelezi wa kihistoria. Chagua yote matatu. Ukiyaacha mawili utapitwa na vitabu vizuri. Tatu, na hili ndilo bora kuliko yote, wafuate waandishi kwa majina. Taarifa inayokuja kwa sababu umemfuata mwandishi ina thamani kuliko kumi za jumla.

Early Bird Books, iliyo chini ya mchapishaji Open Road, inafaa sana kwa riwaya za karne ya 20 ambazo nakala zake za karatasi zimeadimika, kwa kuwa Open Road hujishughulisha na kuvirudisha sokoni kidijitali vitabu vya zamani. The Fussy Librarian na Bargain Booksy huelemea zaidi waandishi wanaojichapishia. Huduma mbili zinatosha. Ukijaza tano sanduku lako la barua pepe utaacha kuzifungua zote.

Fungua anwani ya barua pepe ya pekee kwa ajili ya kazi hii, au weka kichujio kinachozipeleka barua hizo kwenye folda yake.

Nataka kitabu kimoja mahususi. Nifuatilieje bei yake?

Kwa Kindle, tumia eReaderIQ. Nakili anwani ya ukurasa wa kitabu kutoka Amazon, ibandike, kisha weka bei unayoitaka au kiasi cha kushuka kinachokutosha. Bei ikifika hapo unatumiwa barua pepe. Huduma hiyo huonyesha pia historia ya bei, na historia ndiyo inayokata shauri. Riwaya iliyowahi kushuka hadi dola 1.99 mara tatu ndani ya miaka miwili itashuka tena; kaa usubiri. Ambayo haijawahi kuwa chini ya dola 9.99 tangu itoke, inunue au iazime maktaba, kwani kungoja kwako kunaweza kuwa kwa miaka.

Kwenye maduka mengine, weka kitabu kwenye orodha ya matamanio na uipitie mara moja kwa wiki.

Hakikisha unafuatilia toleo sahihi. Kitabu kimoja huweza kuwa na kurasa tatu za mauzo: toleo la kawaida, toleo lenye picha za filamu kwenye jalada, na toleo la mchapishaji wa nchi nyingine. Bei ya moja ikishuka, nyingine hazifuati.

Ukurasa unaonyesha bei ya zamani imekatwa mstari na punguzo la asilimia 60. Je, ni kweli?

Soma maneno madogo pembeni ya namba iliyokatwa. Mara nyingi hiyo ni bei ya kitabu cha karatasi. Kitabu pepe cha dola 7.99 kinaonekana ni nafuu kikilinganishwa na karatasi ya dola 18, kumbe kimeuzwa dola 7.99 mwaka mzima. Linganisha na bei ya kawaida ya kitabu pepe chenyewe.

Nimetumiwa ofa ya dola 1.99, lakini nikifungua duka naona bei kamili. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni haki za mauzo kwa nchi. Riwaya moja inaweza kuwa na mchapishaji mmoja Marekani na mwingine Uingereza, na kila mmoja ana uamuzi wake ndani ya eneo lake. Mmarekani akipunguza, akaunti iliyosajiliwa kwenye duka la Uingereza haiguswi. Rekebisha nchi kwenye mipangilio ya huduma ya ofa ili ilingane na nchi ya akaunti yako ya duka. Usiihamishe akaunti huku na huko ili kuwinda ofa: maduka hulinganisha nchi na kadi ya malipo na mahali unaponunulia, na unaweza kufungiwa akaunti pamoja na vitabu vyote ulivyokwisha kulipia.

Sababu ya pili ni saa. Ofa ya siku moja hufuata saa za nchi ya duka. Barua uliyoifungua jioni huenda inazungumzia ofa iliyomalizika ulipokuwa umelala.

Ya tatu ni kodi. Nchi nyingine huitoza vitabu pepe kodi ambayo huonekana mwishoni mwa malipo tu. Uingereza iliiondoa kodi hiyo tarehe 1 Mei 2020, lakini si kila nchi imefanya hivyo.

Kwenye programu ya simu sioni kitufe cha kununua. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kampuni zinazotengeneza mifumo ya simu hudai sehemu ya kila mauzo yanayofanyika ndani ya programu, kwa hiyo baadhi ya maduka ya vitabu yameondoa kitufe hicho. Fungua tovuti ya duka kwenye kivinjari, nunua hapo kwa akaunti ileile, kisha rudi kwenye programu na uonyeshe upya maktaba yako. Kitabu kitakuwepo.

Ni vitabu gani sina haja ya kuvilipia kabisa?

Vyote ambavyo hakimiliki yake imekwisha, na kwa mpenzi wa riwaya za kihistoria hii ni hazina kubwa, kwa sababu aina hii ilistawi sana katika karne ya 19.

Kanuni hutofautiana. Marekani, kitabu kilichochapishwa miaka ya 1920 na 1930 hulindwa hadi miaka 95 tangu kichapishwe. Kila tarehe 1 Januari mwaka mzima wa machapisho huachiliwa. Vya mwaka 1929 viliachiliwa 2025, na vya 1930 viliachiliwa 2026. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza huhesabu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka angalau miaka 50 baada ya kifo, na baadhi ya nchi zimebaki hapo. Kanada ilikuwa na miaka 50 hadi mwisho wa 2022, kisha ikahamia 70, na ndiyo maana tovuti ya Faded Page ya huko ina vitabu ambavyo Marekani bado havijaachiliwa. Linalokuhusu ni sheria ya nchi uliyopo wewe.

Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 na haihitaji akaunti. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tazama kwanza Standard Ebooks, tovuti nyingine ya vitabu vya bure. Orodha yao ni fupi zaidi, lakini matini yamesahihishwa, alama za uandishi zimewekwa sawa, yaliyomo yanabofyeka, na kila kitabu kina jalada la maana. Msomaji wa riwaya ya kurasa 900 ataiona tofauti kufikia sura ya pili.

Jihadhari na tafsiri. Mwandishi Mrusi au Mfaransa aliyefariki karne ya 19 hana tena hakimiliki, lakini mfasiri wake wa mwaka 2005 anayo. Tafsiri ya bure ni ya zamani, na ubora wake hutegemea aliyeifanya: nyingine zimekatwa vifungu vizima kwa sababu wachapishaji wa enzi hizo waliviona havina adabu au vinachosha. Kabla ya kuanza riwaya ndefu iliyotafsiriwa, tafuta jina la mfasiri na mwaka wa tafsiri, kisha hesabu sura na uzilinganishe na za lugha ya asili. Ikiwa hakuna jina la mfasiri popote, kiache. Kwa vitabu vya namna hii, punguzo kwenye tafsiri mpya ni ununuzi wenye maana sana, wala usione vibaya kulipa dola 3 au 4.

Na usilipie kilicho cha bure. Madukani kumejaa nakala za senti 99 za vitabu hivyohivyo, zilizochukuliwa bila hata kusahihishwa. Matoleo yanayostahili pesa ni yale yenye utangulizi wa mtaalamu na maelezo ya chini, au mikusanyo iliyopangwa vizuri kama ile ya Delphi Classics, inayoweka kazi zote za mwandishi kwenye faili moja.

Maktaba inanisaidiaje?

Kwa riwaya mpya ambazo bei yake haitashuka leo wala kesho, maktaba ndiyo njia bora. Programu ya Libby, ya kampuni ya OverDrive, huunganishwa na kadi ya maktaba inayotumia huduma hiyo. Unaazima kwa siku 7, 14 au 21, na kitabu hujirudisha chenyewe, hakuna faini. Baadhi ya maktaba huwapa kadi hata wasio wakazi kwa ada ya mwaka. Ukisoma riwaya mpya mbili tu kwa mwezi, piga hesabu: ada hiyo hurudi upesi.

Foleni huwa ndefu, na sababu yake ni leseni. Maktaba hainunui kitabu pepe ikakimiliki daima. Wachapishaji wengi huikodisha kwa miaka miwili. HarperCollins mwaka 2011 iliweka kikomo cha kuazimwa mara 26. Nakala moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Basi weka maombi mapema, hata siku jina la kitabu linapotokea kwenye orodha ndefu ya tuzo, na kikikufikia ukiwa na kingine mkononi, chagua kukipokea baadaye. Nafasi yako ya mbele haipotei.

Libby huwapa wasomaji wa Marekani chaguo la kusomea kwenye Kindle. Kwingineko tumia simu, kishikwambi au Kobo.

Je, malipo ya kila mwezi kama Kindle Unlimited yanafaa?

Kwa riwaya za kihistoria, mara nyingi ndiyo. Kwa riwaya za kifasihi, mara nyingi hapana. Vitabu vingi humo ni vya waandishi wanaojichapishia na wa chapa za Amazon yenyewe. Wachapishaji wakubwa watano kwa kiasi kikubwa hawamo. Msomaji wa mifululizo mirefu ya Roma ya kale au ya vita kuu atapata vya kumtosha, na anaweza kushika vitabu hadi 20 kwa mpigo. Anayefuata orodha za Booker atalipia rafu tupu.

Kabla ya kulipa, andika vitabu kumi unavyotaka kusoma kweli na uangalie kimoja kimoja kama kimo. Vikiwa chini ya vinne, acha. Kobo Plus, huduma kama hiyo ya duka la Kobo, ipimwe kwa njia hiyohiyo. Na ujue kwamba mwandishi anayejichapishia akiingia Kindle Unlimited haruhusiwi kuuza kitabu pepe hicho kwingine. Usishangae ukikikosa Kobo au Apple Books.

Faili nililopakua halifunguki. Tatizo ni nini?

Angalia herufi za mwisho za jina la faili.

Likiishia na .epub na limetoka Gutenberg au Standard Ebooks, linafunguka kwenye Kobo, simu na kompyuta. Kwa Kindle, lipitishe Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwenye Kindle, inayopokea EPUB tangu 2022. Kulihamisha kwa waya moja kwa moja ndipo wengi wanapokwama, maana Kindle haisomi EPUB iliyowekwa hivyo.

Likiishia na .acsm, hicho si kitabu. Ni tiketi ndogo ya kukichukulia kitabu. Ifungue kwa Adobe Digital Editions kwenye kompyuta, ingia kwa akaunti yako ya Adobe, na programu itapakua kitabu chenyewe. Ikikataa, kwa kawaida ni kwa sababu tiketi imeshafunguliwa kwa akaunti nyingine au kwa kifaa kisichosajiliwa. Tumia akaunti moja tu ya Adobe kwa kila kitu.

Calibre, programu ya bure ya kompyuta, hupanga maktaba na kubadilisha umbizo la faili zisizofungwa. Kilichofungwa kwa kufuli ya kidijitali haikibadilishi. Kitabu kilichonunuliwa Kindle hubaki Kindle, na cha Apple hubaki Apple. Amua duka lako kuu kabla hujaanza kukusanya ofa. Vinginevyo juzuu za mfululizo mmoja zitakuwa zimetawanyika kwenye programu tatu.

Ni mitego gani ya kuangalia kabla ya kubofya?

Mtego mbaya kuliko yote ni muhtasari unaojifanya kitabu. Riwaya ikivuma tu, hutokea vijitabu vyenye jina lilelile na jalada la kufanana. Idadi ya kurasa huviumbua: riwaya ina 400, hicho kina 40. Jina la mwandishi nalo si lile.

Kwenye mifululizo, hakikisha ofa ni ya juzuu ya kwanza. Wakati mwingine iliyopunguzwa ni ya tatu. Jumlisha bei ya juzuu zote kabla hujanunua moja. Pia kuna mikusanyo inayojitangaza kuwa na riwaya kumi, na ndani yake ni sura za mwanzo za kila moja. Pakua sampuli, fungua ukurasa wa yaliyomo, usome.

Tovuti inayokupa bure riwaya iliyotoka mwaka huu ni ya wizi. Mwandishi hapati kitu, na faili zake mara nyingi zina kurasa zilizokosekana au programu hasidi.

Nimenunua kimakosa. Naweza kurudishiwa pesa?

Amazon na Google Play hukubali maombi ndani ya siku 7, mradi hujasoma sehemu kubwa ya kitabu. Fungua historia ya manunuzi yako, si ukurasa wa kitabu. Kila duka lina masharti yake, hivyo yasome siku hiyohiyo.

Ofa imekwisha kabla sijaiwahi. Nifanye nini?

Angalia maduka mengine saa hiyohiyo, maana bei haibadiliki kwa pamoja: moja linaweza kuchelewa saa kadhaa kurudisha bei ya juu. Ukikosa, weka ufuatiliaji kwa bei ileile uliyoikosa. Kama mchapishaji amekubali dola 1.99 mara moja, ana kila sababu ya kuirudia kitabu kijacho cha mwandishi huyo kinapokaribia kutoka. Tafuta tarehe ya kitabu hicho na uandike kwenye kalenda mwezi mmoja kabla yake. Wakati unangoja, weka ombi maktaba.